Jicho Jekundu na Chupa ya Kabatini



Vijana wetu wengi hapa Uingereza wameacha miwani, wanavaa lenzi machoni. Sina ugomvi na lenzi. Ugomvi wangu ni kulala nazo, kuziosha kwa maji ya bomba, na ile chupa ya dawa ya macho iliyobaki kabatini tangu mwaka juzi, ambayo kila anayeumwa jicho nyumbani hutiwa.

Konea ni sehemu angavu mfano wa kioo, mbele ya mboni, na unene wake wapata nusu milimita. Haina mishipa ya damu. Walinzi wake ni machozi, kope na utando wa juu. Utando huo ukikwaruzwa, bakteria hupata mlango. Mmojawapo, sudomonasi, hupenda majimaji, naye aweza kuitoboa konea kwa siku chache tu. Jicho huuma, huwa jekundu, halistahimili mwanga, uoni hufifia, na pengine huonekana doa jeupe juu ya sehemu nyeusi.

Hapo vua lenzi, uichukue pamoja na kikasha chake, uende siku ile ile penye huduma ya dharura ya macho. Usitie kitu. Huenda chupa ya kabatini ina steroidi: wekundu hupungua, mgonjwa akafurahi, kumbe kidonda kinakula chini kwa chini. Daktari hulitia jicho ganzi, hukwangua kidogo penye kidonda ili maabara imtambue mdudu, kisha huanzisha matone ya antibiotiki, kama vile levofloksasini, kila saa, usiku na mchana, kwa siku mbili hivi za mwanzo. Usiku ndio mtihani. Wazazi wapokezane kuamka. Kukosa usingizi siku mbili si kitu mbele ya kovu la katikati ya jicho, ambalo miwani ya kawaida haiwezi kulitibu.

Na mwenye kufunga Ramadhani? Baraza la kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu, lilipokutana Jeddah mwaka 1997, liliamua kwamba matone ya jicho hayabatilishi saumu, mradi mtu asimeze kinachofika kooni. Baada ya kutia, fumba jicho na ubonyeze kona yake ya upande wa pua kwa dakika moja au mbili. Dawa itakayoshuka ni kidogo mno.

Ama udhu, maji ya bomba ni twahara, lakini si rafiki wa lenzi. Mwenye kuzivaa na afumbe macho barabara anapoosha uso, na mikono aikaushe kabla ya kuzigusa.