Mgonjwa wa moyo asiachwe peke yake baada ya operesheni





Tangu Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete ilipoanzishwa pale Muhimbili mwaka 2015, wagonjwa wengi ambao zamani ingebidi wapelekwe India wanapasuliwa hapa hapa nchini. Jambo hilo ni la kujivunia. Hoja yangu inahusu siku zile ambazo mgonjwa ameshashuka kwenye basi nyumbani kwake, kwani huku kwetu watu hudhani operesheni ikifaulu basi kazi imekwisha. Mtu wa kwanza duniani kuwekewa moyo wa mtu mwingine, Louis Washkansky, alipasuliwa na Daktari Christiaan Barnard mjini Cape Town mwezi Desemba 1967. Aliishi siku 18 tu. Aliuawa na nimonia, siyo na moyo ule mpya.

Shuleni kwetu yupo msichana wa darasa la sita aliyewekewa mlango wa moyo wa bandia, ambao wataalamu huuita valvu. Mlango wake wa asili uliharibiwa na homa ya rumatiki, ugonjwa unaoanza na mafindofindo ambayo hayakutibiwa ipasavyo. Kabla ya operesheni alikuwa akipumzika mara tatu njiani kuja shule. Siku hizi anafika kabla ya kengele, na katika hesabu anawashinda wavulana wote. Darasa likiwa kimya unausikia mlango ule ukigonga kama saa. Wenzake walikuwa wakimwita "Saa" mpaka tulipowaeleza.

Lakini damu hupenda kuganda kwenye mlango wa bandia. Kwa hiyo lazima ameze dawa ya warfarini kila siku maisha yake yote, na damu yake ipimwe mara kwa mara kwa kipimo kiitwacho INR. Dawa ikizidi, atatoka damu. Ikipungua, damu inaweza kuganda akapata kiharusi. Mboga za kijani nazo hupunguza nguvu ya dawa hiyo. Hakatazwi kula kisamvu au matembele, ila anatakiwa ale kwa kiasi kile kile siku zote. Sasa nani kijijini anakula mboga kiasi kile kile masika na kiangazi? Ndiyo maana kipimo ni cha lazima. Asipewe aspirini ya dukani wala miti shamba bila daktari kujua.

Jambo la kusikitisha ni kwamba hospitali iliyo karibu nasi mara nyingi haina kipimo hicho, na mama yake hulazimika kutafuta nauli ya kwenda mjini. Nauli ikikosekana, kipimo kinaachwa. Serikali imetumia fedha nyingi kuokoa maisha ya mtoto huyu, na leo maisha hayo yanategemea nauli ya basi! Ipo mashine ndogo inayopima kwa tone la damu ya kidoleni, kama ile ya wagonjwa wa kisukari. Naomba wahusika waipeleke katika hospitali za wilaya na vituo vya afya. Pia sindano ya penisilini, ambayo wagonjwa wa namna hii huchomwa kila baada ya wiki tatu au nne kwa miaka mingi ili homa isirudi, isikosekane kwenye zahanati zetu.

Kwa walimu wenzangu nasema wazi: mtoto huyu hachapwi, hata fimbo moja, kwani anaweza kuvilia damu ndani. (Kama fimbo inamfaa mtoto mwingine yeyote, hiyo ni barua ya siku nyingine.) Mfupa wa kidari uliokatwa huchukua wiki 6 hadi 12 kuunga, na wakati huo asibebeshwe ndoo ya maji. Daktari akishamruhusu, aachwe acheze na afagie kama wenzake. Wapo wazazi wanaomkalisha mtoto kivulini mwaka mzima kana kwamba ni yai, wakati amepasuliwa ili aweze kutembea.

Akikua kuna jambo jingine. Warfarini inaweza kumdhuru mtoto aliye tumboni, kwa hiyo mwanamke anayeitumia lazima aonane na daktari kabla ya kushika mimba. Haya nani atamwambia msichana wa kijijini, na lini?

Barua aliyotoka nayo hospitalini ilikuwa ya Kiingereza kitupu. Mama yake aliniletea nimsomee, nami ilinibidi niende kwa mganga wa zahanati anifafanulie nusu yake. Naomba kila anayepasuliwa moyo apewe karatasi ya Kiswahili, nakala moja ya nyumbani, moja ya zahanati na moja ya shule.

Mwalimu wa Kijijini,
Songea.