Chumba cha Tano Hakimo Daftarini

Katika nyumba nyingi za wafanyakazi mijini kompyuta ni moja na watumiaji ni watano au sita. Baba ameweka humo barua za kazi, mama ameweka hesabu za upatu, watoto wameweka masomo yao. Tena zimo picha za arusi na za wazee waliokwisha tangulia mbele ya haki, ambazo pengine hazipo mahali pengine popote. Mashine yenyewe aghalabu ni kuukuu.

Tarehe 14 Oktoba 2025 kampuni ya Microsoft ilikomesha huduma yake ya kawaida kwa Windows 10, ilhali Windows 11 haizikubali mashine nyingi za zamani. Ndiyo maana vijana wengi wanawashauri wazazi wao watie Linux, mfumo uliozaliwa mwaka 1991 kwa kazi ya Linus Torvalds, aliyekuwa mwanafunzi mjini Helsinki, Finland. Mfumo huo hupatikana bure. Wala si lazima Windows ifukuzwe. Mifumo miwili yaweza kukaa katika diski moja, na mtu awashapo mashine huchagua aingie upande upi.

Shauri hilo ni jema. Lakini wengi hukwama njiani. Diski ina nafasi kubwa isiyotumika, na hata hivyo mashine hukataa kufungua sehemu mpya. Kinachokosekana hapo si nafasi. Ni mstari katika daftari.

Mwanzoni kabisa mwa diski kuna ukurasa mdogo wa baiti 512. Humo baiti 64 zimetengwa ziwe daftari la kuandikia sehemu za diski: kila sehemu inaanzia wapi na ina ukubwa gani. Kila sehemu hula baiti 16. Gawanya 64 kwa 16, utapata nne. Utaratibu huo, uitwao MBR, ulikuja na PC DOS 2.0 mwezi Machi 1983, wakati diski ya kompyuta ya IBM PC XT ilikuwa na megabaiti 10 tu. Kwa diski ya namna hiyo, mistari minne ilikuwa mingi.

Diski zikakua, daftari likabaki vile vile. Kompyuta nyingi zilizouzwa na Windows 7, iliyotoka mwaka 2009, zilifika dukani mistari yote minne imekwisha jazwa: sehemu ya kuamshia mashine, sehemu ya Windows yenyewe, sehemu ya kurudishia mfumo ukiharibika, na sehemu ya vifaa vya mtengenezaji. Mashine za baadaye hutumia daftari jipya liitwalo GPT, ambalo kwa kawaida lina mistari 128, na wenye hizo hawana shida hii. Basi kazi ya kwanza ni kutazama: fungua ukurasa wa Windows wa kusimamia diski, uangalie kama daftari lako ni MBR au GPT, kisha uhesabu sehemu zilizopo.

Ukikuta ni MBR na sehemu ni nne, jihadhari na mitego miwili. Mtego wa kwanza ni pale Windows inapojitolea kukusaidia. Ukilazimisha sehemu ya tano, huenda ikakuuliza kama unakubali diski igeuzwe kuwa ya aina inayoitwa “dynamic”. Usikubali. Diski ya aina hiyo huleta taabu kubwa wakati wa kutia Linux, na kwa vifaa vya Windows vyenyewe hairudi ilivyokuwa mpaka sehemu zote zilizomo zifutwe. Mtego wa pili ni kufuta sehemu kwa sababu tu ni ndogo na haina picha wala barua. Sehemu ndogo kuliko zote yaweza kuwa ndiyo inayoiamsha mashine. Ukiifuta, Windows haitawaka.

Njia iliyo salama ni hii. Kwanza, nakili mambo yote ya jamaa katika diski ya nje, kisha uzifungue nakala hizo katika mashine nyingine uone kama zinasomeka. Pili, tengeneza flashi ya kurudishia mfumo, ili sehemu ya kurudishia iliyomo ndani isiwe tegemeo lako la pekee. Tatu, iwashe Linux kutoka katika flashi bila kuitia katika diski, ujue kama sauti, mtandao na mashine ya kuchapia vinafanya kazi. Hapo ndipo sehemu moja isiyo ya lazima yaweza kuondolewa, na sehemu ya Windows ikapunguzwa.

Mahali pa sehemu iliyoondolewa hufunguliwa sehemu pana, ambayo katika daftari huhesabiwa kuwa mstari mmoja, lakini ndani yake hugawika tena. Ni kama chumba kimoja cha kupanga kilichokatwa kwa mbao: mwenye nyumba anahesabu mlango mmoja, ndani wanalala watu wa vitanda viwili au vitatu. Linux haioni tabu kukaa katika vyumba hivyo vya ndani. Angalia tu kwamba nafasi zilizo wazi ziwe zinapakana, kwani sehemu pana haiwezi kuruka juu ya sehemu nyingine iliyo katikati. Linux nayo haihitaji sehemu nyingi. Moja ya gigabaiti 25 au zaidi yatosha kuanzia. Tena kabla ya kuanza, izime Windows kabisa, usiilaze tu, maana mfumo uliolala haupendi kuguswa vitu vyake.

Jambo la mwisho si la ufundi. Kijana mwenye ujuzi asifanye kazi hii usiku peke yake, watu wamelala, kwa nia ya kuwashangaza asubuhi. Kompyuta ya nyumba ni mali ya wote. Awaite wazazi, aulize kila mmoja ana nini humo, na aandike katika karatasi kila sehemu, ukubwa wake na kazi yake, kabla hajagusa hata moja. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Daftari la diski lina mistari minne tu, wala halijui picha ya bibi ni ipi. Anayejua ni mama.