Anayechapa fulana anaweza kuchapa betri

Kila tukizungumzia betri humu nchini, mazungumzo hukimbilia lithiamu: boda za umeme, simu, magari. Kijana aliyesoma kemia hadi kidato cha nne anasikiliza, halafu anajiambia hayo ni mambo ya China, yeye kazi yake ni kuuza chaja. Mimi nasema tumekodolea macho mlango mkubwa uliofungwa, ilhali kuna mdogo ulio wazi.

Mlango wenyewe ni plastiki inayopitisha ayoni, tena inayoweza kuchapwa kama wino.

Najua kuna atakayeguna. Si shuleni tulikaririshwa kwamba plastiki haipitishi umeme, ndiyo maana nyaya hufunikwa kwayo? Kweli, elektroni hazipiti. Lakini ndani ya betri, kati ya ncha chanya na hasi, hatutaki elektroni zipite hapo. Tunataka ayoni zipite, elektroni nazo zizungukie nje kwenye balbu zifanye kazi. Miaka ya 1970, Peter Wright na wenzake kule Sheffield, Uingereza, walionyesha kwamba kuna polima ambazo zikichanganywa na chumvi hupitisha ayoni. Mfaransa Michel Armand akapendekeza mwaka wa 1978 zitumike kwenye betri. Minyororo ya polima hutikisika, na ayoni husogezwa kutoka sehemu moja hadi nyingine, kama ndoo ya maji inayopokezwa mkono kwa mkono.

Ila katika joto la kawaida ayoni hizo hujikokota. Betri za lithiamu za aina hiyo huhitaji kupashwa hadi nyuzi 60 au zaidi. Na usidanganywe ati plastiki haiungui: Aprili 2022 shirika la usafiri wa umma la Paris lilisimamisha mabasi 149 yaliyotumia betri hizo baada ya mawili kushika moto.

Kwa hivyo tuanze na zinki. Ndiyo, zinki hii hii ya mabati. Unachapa tabaka la zinki, juu yake jeli ya polima iliyolowa maji ya chumvi ya zinki, kisha tabaka la manganizi daioksaidi na kaboni. Unapata takriban volti 1.5. Lithiamu hudai chumba kikavu kabisa. Zinki unaichapa mezani, hewa ikipita. Mbinu yenyewe ni ile ya vijana wanaochapa fulana za kampeni: kitambaa chepesi kilichokazwa kwenye fremu, wino juu, unakwangua, unaanika.

Kemia hii si ngeni kwetu. Eveready ilitengeneza betri za tochi Nakuru hadi ilipofunga kiwanda mwaka wa 2014. Mkebe wa betri hizo ni zinki, na ule unga mweusi wa ndani, ambao shule nyingi za mashambani zilipakia ubao, ni hiyo manganizi na kaboni.

Siwaahidi kwamba betri ya kuchapwa itasukuma boda. Haitasukuma hata redio kwa muda wa maana, na nyingi hazichajiki. Inatosha kadi nyembamba inayorekodi joto la maziwa au chanjo zikiwa njiani, na hiyo si biashara ndogo katika nchi yenye wafugaji wengi hivi.

Kinachoniudhi ni vyuo vyetu vya kiufundi. Wanaosomea uchapishaji wako jengo hili, wanaosomea kemia jengo lile, na hawajuani hata kwa salamu. Mwalimu unayesoma hapa, fremu mnazo, maabara mnayo, mita ya kupima volti haikosi. Wape wanafunzi wanne, wawili kutoka kila upande, muhula mmoja. Wachape kadi moja, waiunganishe na taa ndogo, wahesabu siku itakazodumu kabla jeli haijakauka, kisha wajaribu namna ya kuifunika isikauke upesi.