Mchakamchaka Usifutwe Wakati wa Mitihani

Kila mtihani wa Kidato cha Nne wa mwezi Novemba unapokaribia, shule nyingi hufuta vipindi vya michezo, na mchakamchaka wa alfajiri huachwa, ili wanafunzi wapate muda zaidi wa kujisomea. Nia ni njema. Lakini kwa mujibu wa elimu ya mwili, hatua hiyo huwanyima wanafunzi kinga wakati ule ule wanapoihitaji.

Mtu mwenye wasiwasi hujisikiaje? Moyo humwenda mbio, viganja hutoka jasho, pumzi hufupika. Mwaka 1915 Walter Cannon wa Chuo Kikuu cha Harvard alieleza kwamba hayo ni maandalizi ya mwili kwa kupigana au kukimbia, yakichochewa na adrenalini itokayo katika tezi zilizo juu ya figo. Mtahiniwa, hata hivyo, hana wa kupigana naye wala pa kukimbilia, ameketi tu. Hapo huanza kuuogopa moyo wake mwenyewe, na hofu hiyo huuzidishia moyo kasi.

Sasa mtazameni mwanafunzi wa Njisi anayekimbia alfajiri, kabla joto la bonde la Ziwa Nyasa halijapanda (na mbali na malori ya mpakani Kasumulu, tafadhali). Dalili zake ni zile zile. Ila yeye anajua zimetoka wapi, na akipumzika huziona zikitulia zenyewe. Akirudia hayo wiki baada ya wiki, ubongo wake huzoea kwamba moyo kwenda mbio si ishara ya balaa. Kwa maoni yangu hii ndiyo faida kubwa ya mbio kwa mwenye wasiwasi, nayo haisemwi vya kutosha.

Wengi hupendelea kuzungumzia endofini, kemikali za mwili zitulizazo maumivu mithili ya afyuni, zilizogunduliwa katika miaka ya 1970. Jambo hilo limetiwa chumvi. Endofini zilizomo katika damu hazipenyi kwa urahisi kuingia ubongoni. Mwaka 2015 watafiti wa Ujerumani walionyesha kwamba panya waliokimbia kwenye gurudumu walipungukiwa na hofu. Walipozuia kazi ya endofini, utulivu ule ulibaki; walipozuia kemikali za jamii nyingine, ziitwazo endokanabinoidi, ulitoweka. Panya si binadamu, lakini matokeo hayo yatufunze kutokariri majibu mepesi.

Lipo kosa jingine, nalo ni la walimu. Mwanafunzi akichelewa huamriwa kuzunguka uwanja mara kumi huku wenzake wakimcheka. Kwa kufanya hivyo tunaufungamanisha moyo uendao mbio na fedheha, yaani tunafundisha kinyume kabisa cha kile ambacho mbio zingefundisha.

Wenye selimundu, pumu au maradhi ya moyo wapate kwanza ushauri wa daktari. Kadhalika, wasiwasi unaomzuia mtu kulala, kula au kuhudhuria masomo ni wa kupelekwa hospitali. Mbio pekee hazitoshi.

Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, linapendekeza wastani wa dakika 60 za mazoezi kwa siku kwa wenye umri wa miaka 5 hadi 17. Shule isiyoweza kuzifikisha ianze na dakika 20, kwa mwendo unaomruhusu mkimbiaji kuimba. Na masika ya Kyela yakiujaza uwanja maji, kamba za kuruka zitafaa ndani ya bwalo.