Sekunde 14 za Subaru na basi linalokuja mbele

Igunga. Ukishuka Mlima Sekenke ukitokea Singida, barabara inalala. Mbuga ya Wembere inafunguka kulia na kushoto, lami inanyooka, na hata dereva mpole wa IST anajikuta mguu umezidi kwenye mafuta.

Hapo ndipo ubishi wa vijiweni unapopata nguvu. Subaru au Crown? Altezza au Mark II? Mashabiki wale wale wa Simba na Yanga, ligi ikisimama tu, wanahamia kwenye magari. Kila mmoja ana mtu wake anayedaiwa kuwaacha wenzake "kama wamesimama".

Ubishi huo una dawa yake, na duniani imeshapatikana muda mrefu. Inaitwa mbio za dragi: magari mawili, njia iliyonyooka, mita 402, taa zinawaka, saa inaamua. Mita 402 ni pungufu kidogo ya viwanja vinne vya soka vilivyopangwa kwa urefu.

Tatizo ni kwamba Igunga, Tabora na Nzega hakuna njia ya namna hiyo. Kilichopo ni barabara kuu, ile ile inayobeba mabasi ya Mwanza na malori ya Rwanda, Burundi na Congo. Kabla ya kufika huko, tuangalie kwanza gari lenyewe, maana vijana wengi wanatupa hela mahali pasipo na sekunde.

SAA HAIDANGANYI

Kosa la kwanza ni kupima gari kwa sauti ya ekzosi. Bomba kubwa linapiga kelele, mtaa mzima unageuka, lakini saa haijasogea.

Kwenye dragi kuna namba mbili za kusoma: muda wa kumaliza mita 402 na spidi ya mwisho. Spidi ya mwisho inaonyesha nguvu ya injini. Muda unaonyesha jinsi nguvu hiyo ilivyotumika, hasa mwanzoni.

Ni kama mpira. Unaweza kumiliki asilimia 70 na ukafungwa 1-0. Gari lenye spidi kubwa ya mwisho na muda mbovu ni timu inayopiga pasi nyingi na haifiki golini.

Mita 18 za kwanza ndizo zinazoua. Mafundi wa mbio wana kanuni yao: ukiokoa sehemu moja ya kumi ya sekunde pale mwanzo, mwisho unaokoa karibu mara mbili yake. Tairi likisaga lami bila kusogea, hakuna turbo itakayokurudishia muda huo.

TAIRI KWANZA, TURBO BAADAYE

Chukua Subaru Impreza WRX iliyotoka Japan ikiwa na nguvu farasi 250. Pamoja na dereva ina uzito wa karibu kilo 1,500. Kwa hesabu ya nguvu na uzito, gari hilo likiwa zima linapaswa kumaliza mita 402 kwa sekunde 14 hivi.

Neno zito hapo ni "likiwa zima". Mengi yana miaka 20 barabarani. Kwa hiyo hatua ya kwanza ni sevisi: plagi, filta, oili, maji ya rejeta, na kupima mgandamizo wa kila silinda. Fundi anayeongeza nguvu kwenye injini iliyochoka ni kocha anayemwingiza mchezaji mwenye goti bovu dakika ya kwanza.

Hatua ya pili ni tairi. Wengi wananunua tairi za mtumba kwa kuangalia kashata tu. Ubavuni kuna tarakimu nne: mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. Ikiandikwa 2312, tairi hilo lilitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2012. Hata kama kashata ni nzima, mpira umekauka na haushiki lami.

Hatua ya tatu ni uzito, na hii ni bure. Kila kilo 45 unazotoa zinaokoa karibu sehemu moja ya kumi ya sekunde. Spika kubwa za buti, mizigo na tairi la akiba ni sekunde zilizolala ndani ya gari. Siku ya mbio zinashuka, jioni zinarudi.

Hatua ya nne ni dereva. Subaru ina faida ya kusukuma kwa tairi zote nne, ndiyo maana inatoka vizuri. Lakini kuachia klachi kwa pupa injini ikiwa juu kunavunja giaboksi. Altezza na Mark II zinasukuma kwa nyuma, hivyo zinadai mguu wenye adabu: kidogo, halafu kidogo, halafu zote.

Nguvu ya injini inakuja baada ya hayo yote. Kuongeza presha ya turbo ni rahisi, kazi ni kuilisha. Hewa ikizidi lazima petroli nayo iongezeke, pampu na injekta zihimili, intakula ipooze hewa, na kompyuta ya injini ipangwe upya na mtu anayejua.

Tena injini hizi za turbo zilipangwa kwa petroli ya daraja la juu ya Japan, yenye oktani ya karibu 100. Petroli ya kawaida ya pampu zetu haifiki huko. Ukipandisha presha bila kujali hilo, mafuta yanalipuka kabla ya wakati wake na pistoni inapasuka. Kijana anaokoa nusu sekunde, anapoteza injini.

IGUNGA INADAI ZAIDI

Kuna jambo ambalo wabishi wa Dar es Salaam hawalihesabu. Igunga iko zaidi ya mita 1,000 juu ya usawa wa bahari. Hewa ya huku ni nyepesi kwa karibu asilimia 10 kuliko ya pwani, na joto la mchana linaipunguza tena.

Injini isiyo na turbo inapoteza nguvu kwa kiasi hicho hicho. Gari la sekunde 14 pale Kigamboni linaweza kuwa la 14.5 hapa. Turbo inafidia sehemu ya pengo hilo. Ndiyo maana Subaru inayoonekana ya kawaida Dar inaweza kumsumbua mkubwa wake ikifika huku.

HESABU YA BASI

Sasa turudi barabarani. Gari la sekunde 14 linamaliza mita 402 likiwa na spidi ya karibu kilomita 160 kwa saa. Kwa spidi hiyo linakula mita 44 kila sekunde.

Dereva akishtuka kwa sekunde moja tu kabla ya kukanyaga breki, mita 44 zimeshapita. Kusimama kunahitaji mita nyingine 120 na zaidi, kama breki ni nzima na lami ni kavu. Kwa ng'ombe wanaovuka barabara za Igunga kila siku, hiyo ni hesabu mbaya.

Kuna mbaya zaidi. Barabara kuu ina njia mbili, moja ya kwenda na moja ya kurudi. Wakishindana wawili, mmoja wao yuko upande usio wake kwa sekunde zote 14. Basi linalokuja kwa kilomita 80 kwa saa linatembea zaidi ya mita 300 katika muda huo. Lililokuwa taa ndogo mbali wakati wa kuanza, linakuwa ukuta wakati wa kumaliza. Ndani yake kuna abiria ambao hawakukubali kushindana na mtu.

Ndani ya mji sheria ni kilomita 50 kwa saa, na trafiki wana kazi yao. Ila tochi peke yake haijawahi kumaliza ubishi wa vijana.

WENZETU WALIFANYA NINI

Marekani ilikutana na tatizo hili hili. Mwaka 1951 Wally Parks alianzisha chama cha NHRA ili kuwatoa vijana mitaani na kuwapeleka kwenye njia zenye sheria. Leo gari linalokimbia chini ya sekunde 14 linadaiwa helmeti, na mengi yakifika 11.49 yanadaiwa vyuma vya kumlinda dereva yakipinduka. Kadiri unavyokuwa na kasi, ndivyo ukaguzi unavyokaza.

Hata wakubwa wanajifunza. Mwaka 2008, baada ya kifo cha Scott Kalitta, magari ya daraja la juu yalipunguziwa umbali kutoka mita 402 hadi 305. Waliona kasi imezidi nafasi ya kusimamia.

Afrika Kusini walijenga Tarlton, Abu Dhabi wana njia yao pale Yas Marina. Tanzania nayo si mgeni wa mafuta na vumbi. Bert Shankland, dereva aliyekuwa akiishi hapa hapa, alishinda Safari Rally mwaka 1966 na 1967 kwa Peugeot 404, gari ambalo watu wengine walipandia kwenda kazini.

Igunga haihitaji kuanza na mambo makubwa. Nusu ya umbali, mita 201, inatosha kumaliza ubishi. Inahitaji lami iliyofungwa kisheria, nafasi ya kusimamia iliyo ndefu kuliko njia yenyewe, uzio kwa watazamaji, gari la wagonjwa, na mkaguzi mwenye ubavu wa kusema "hili halikimbii leo".

Hakuna anayechezesha mechi ya ligi katikati ya barabara ya Nzega wakati Uwanja wa Ali Hassan Mwinyi upo Tabora. Wenye magari hawana uwanja wao bado. Halmashauri, polisi na viongozi wa michezo ya magari wakikaa meza moja, kijana wa Igunga atajua Subaru yake ni ya sekunde ngapi, na abiria wa basi la Mwanza atafika kwake salama.