Acheni kuwasha pikipiki dakika tano kila wiki!

Leo naweka programu za kompyuta kando kidogo. Kuna ushauri unaoua betri huku Silibwet na lazima mtu aupinge.

Kijana anapata kazi Qatar, au anarudi chuoni. Pikipiki, ambayo pengine bado ina mkopo, inabaki nyumbani. Kila mtu anamwambia: "Mdogo wako awe anaiwasha dakika tano kila wiki."

Haya, tupige hesabu. Stata hunyonya makumi ya ampea. Injini ikinguruma polepole pale uani, umeme unaorudi kwenye betri ni kidogo, na taa zikiwaka zinaumega huo huo. Betri ya risasi na asidi ikikaa na chaji pungufu, fuwele za salfeti hujijenga kwenye bamba zake. Zikikomaa hazitoki tena. Ndipo fundi anakwambia ununue nyingine.

Utasema yako unaipiga kiki. Sawa, na maji je? Lita moja ya petroli ikiungua hutoa karibu lita moja ya maji. Injini isiyopata moto wa kutosha haiyafukuzi yote. Mengine hubaki kwenye oili na ekzosi. Kwa baridi na mvua za nchi hii ya majani chai, unajifugia kutu.

Fanya hivi badala yake:

1. Badilisha oili, kisha endesha safari ya kutosha injini ipate moto sawasawa.
2. Jaza tangi ili lisipate nafasi ya kutoa jasho ndani. Funga mafuta, kisha mwaga yaliyobaki kwenye kabureta.
3. Toa betri. Anza na waya wa hasi. Ukianza na chanya, spana ikigusa fremu utaona cheche.
4. Chaji hadi ijae. Ikipumzika isome volti 12.6 hadi 12.8. Pima kila mwezi, ikikaribia 12.4, chaji tena. Betri ya ampea-saa 5 inatosheka na nusu ampea, usiipe chaja ya lori.
5. Paka mnyororo oili, inua magurudumu, funika.

Na hiyo hadithi kwamba sakafu ya simenti inafyonza betri? Ilikuwa na maana enzi za masanduku ya mbao. Plastiki ya leo haivuji umeme.

Kinachofyonza ni kile kifaa cha kufuatilia pikipiki, kile cha mkopo. Ni kama programu inayokimbia kimyakimya nyuma ya skrini: huioni, lakini inakula. Usikikate kinyemela, zungumza kwanza na anayekudai.

Wenye pikipiki za umeme, msininukuu vibaya. Betri ya lithiamu huhifadhiwa ikiwa karibu nusu, si ikiwa imejaa.

Betri inataka chaji, si kelele. Anayebisha aje na voltimita.