Kabla hatujachimba shimo la gesi

Wazee wangu wa kijiji cha Kikwe, Arusha, mama zangu, dada na kaka,

Ujumbe wenu kuhusu mtambo wa gesi ya samadi tumeupata, na sisi tulio Ujerumani tumekubali kuchanga. Ila hela isitoke mfukoni kabla hamjanijibu jambo moja: ng'ombe wenyewe wanashinda wapi?

Nauliza kwa sababu ya hesabu. Kilo moja ya kinyesi kibichi hutoa kama lita 40 za gesi. Jiko dogo hula lita 200 hadi 400 kwa saa. Ukitaka kupika maharage, ugali na chai ya asubuhi bila kurudi kwenye kuni, zoa angalau kilo 25 kila siku, uzikoroge na maji kiasi hichohicho. Kule juu mlimani, vijiji vya Akheri na Nkoaranga, hilo halisumbui: ng'ombe wa kisasa yuko bandani, anakatiwa majani, na kinyesi chake chote kiko hatua chache kutoka kwenye shimo. Kwetu chini ya barabara kuu wengi wanachunga. Ng'ombe anakula mabua mashambani kutwa, samadi ya mchana inabaki hukohuko, mnaambulia ya usiku tu. Kumi wa kuchunga wanaweza kuwapa samadi kama ya watatu au wanne wa bandani. Kwa hiyo fundi akija na ramani ya mtambo mkubwa eti kwa kuwa zizi limejaa, mkatalieni. Mtambo mdogo unaoshiba una faida kuliko mkubwa wenye njaa.

Utaalamu si wa kuagiza mbali. Miaka ya sabini SIDO, shirika la viwanda vidogo, walijenga mitambo ya mtindo wa Kihindi, yenye pipa la chuma linaloelea, na chuma kikaliwa na kutu. CAMARTEC, taasisi ya zana za kilimo na teknolojia ya vijijini iliyoanzishwa mwaka 1981 hapo hapo Arusha, ikashirikiana na Wajerumani kuunda kuba la matofali linalofukiwa ardhini, lisilo na chuma cha kuoza. Kuanzia 2009 mpango wa taifa wa biogesi ulifundisha mafundi na kujenga maelfu ya mitambo. Tafuteni fundi aliyepita huko, na akaguliwe. Kuba likiwa na ufa mdogo tu, gesi inatoroka, na methani hiyo inaongeza joto la dunia.

Huku nilipo, jimbo la Niedersachsen, mitambo imetapakaa vijijini, na mingi hulishwa mahindi. Mahindi mazuri kabisa! Yalizidi mpaka mwaka 2012 serikali ikawawekea wenye mitambo mipya kikomo. Bibi angeona trela za mahindi zikimiminwa kwa mashine angedhani watu wamelaaniwa. Sisi tuna samadi, tusione aibu nayo.

Kuna la kazi pia. Mnasema mtambo utawapumzisha akina mama kutafuta kuni. Ni kweli, na macho yao yatapona moshi. Lakini lita 25 za maji kila siku, kiangazi mfereji ukikauka, nani atabeba? Kama jibu ni mama yuleyule, hatujampumzisha mtu. Vijana wa kiume wapangiwe zamu, ya maji na ya kuzoa, na ijulikane kabla ya shimo kuchimbwa. Mitambo mingine haifi kwa kuharibika. Inaachwa na njaa, au maji yanaziba bomba la gesi na hakuna anayejua kuyatoa, au ng'ombe wanauzwa kulipa ada.

Choo kukiunganisha na mtambo, wenyewe mtaamua. Najua wapo watakaokataa kula chakula cha moto huo. Tope linalotoka mtamboni lisimwagwe barabarani, lipelekwe kwenye migomba.

Basi nitumieni idadi ya ng'ombe wanaolala zizini, umbali wa maji mwezi wa Septemba, na majina ya watakaokuwa zamu. Mkishatuma, hela inakuja kwa simu, kwa awamu, na awamu ya mwisho fundi ataipata jiko likishawaka.